Bawa la Kushoto la Ndege ya Yaser

Mimi na Nihal Muhanna tunatengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja pale Isevya, Tabora. Mwaka wa kumi na moja sasa. Mwenzangu ana mkono mtulivu kiasi kwamba akimchongea mtu jino la mbele, baada ya mwezi mwenyewe anasahau lipi lake na lipi la kwetu. Ndiyo maana nilishtuka mwaka jana nilipomwona akirudia jino moja mara tatu.

Kilichomtia wasiwasi ni ndege ya kivita isiyotimia shibiri.

Kaka yake, Thani, aliondoka Tabora akiwa kijana, akaenda kuishi Maskati. Huko alimpoteza mwanawe wa mwisho, Yaser, katika ajali ya gari. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba na alipenda kuunda zile ndege za vita vya zamani zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Moja aliiacha haijaisha, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili. Miezi kumi baada ya mazishi, Thani alimpa boksi lile jamaa aliyekuwa anakuja huku, na ndani akatia kikaratasi: "Nihal, nimejaribu nimeshindwa. Imalizie wewe. Nakuja kumsomea hitima ya mwaka hapo nyumbani, nataka niikute imekamilika."

"Mimi na ndege wapi na wapi," Nihal aliniambia.

"Vifaa si ndivyo hivi hivi?" nikamjibu. "Msasa, kisu, brashi."

Kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimeshaunganishwa, na bawa la kushoto limebandikwa, limepinda kidogo. Rubani alikuwa kakamilika, mdogo kama harage, na Yaser alikuwa amempaka uso wa rangi ya maji ya kunde, kama wake. Vipande vingine vilikuwa bado kwenye fremu zake za plastiki.

Nihal akawa anaishughulikia saa ya chakula. Siku ya tatu aliona penye maungio ya bawa gundi imefurika na kuganda, kauvimbe kama punje ya mchele. Fundi wa meno haachi uvimbe. Alichukua msasa, akasugua, akapuliza vumbi, akainua ndege dirishani. Halafu akaniita.

"Yustina, njoo uangalie hapa."

Niliangalia kwa lenzi. Kwenye gundi iliyobaki kulikuwa na mistari myembamba iliyopinda. Ilikuwa alama ya kidole. Nusu ipo, nusu imekwenda na msasa.

Nihal aliweka ndege chini kama inayomuunguza. "Nimemfuta Yaser," alisema.

Nilimwambia rangi ingefunika tu hata angeiacha, na nani angejua? Alinijibu polepole: "Ningejua mimi. Na kama kaka anaijua alama hii? Kama alikuwa anaishika kila siku, anaiangalia?"

Tangu hapo hakula vizuri. Thani alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti, "Imefikia wapi, mdogo wangu?" naye anajibu, "Inaendelea, kaka," kisha anakaa na simu mkononi. Mara mbili nilimwona amepiga namba yake na kukata kabla haijaita.

Wasiwasi huzaa makosa. Zikiwa zimebaki siku sita, alibandika kioo cha juu ya rubani kwa supagluu. Mvuke wa gundi ile huchafua plastiki angavu. Kufika jioni kioo kilikuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nilidhani atalia. Badala yake alikibandua, akakitumia kutengenezea umbo la plasta kama tunavyofanya kwa taya la mgonjwa, akachukua plastiki angavu ya vikinga meno, akailainisha kwa moto wa mashine yetu na kuivuta juu ya plasta ile. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikawa kinene. Cha nne kikakaa.

Akapaka kijani na kahawia juu, rangi ya mbingu chini, akabandika vile vibandiko vya duara vya Waingereza vinavyolowekwa majini. Penye maungio ya bawa la kushoto hakupaka kitu. Pakabaki kijivu, kama kidonda.

Thani alifika Jumatano kwa ndege ya asubuhi. Nihal aliniomba niwepo nyumbani kwao, mtaa wa Cheyo, nami nikaenda. Kaka mtu alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia mabegani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye sinia, imefunikwa kitambaa. Nihal alikaa mbele yake. "Kabla hujaiona, kaka, kuna kitu nimekiharibu." Akaeleza yote, msasa, gundi, kidole, bila kujitetea.

Thani alifunua kitambaa, akavaa miwani, akaitazama ile sehemu ya kijivu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu maua ya zulia.

"Bawa hili nililibandika mimi," alisema. "Wiki ya pili baada ya msiba. Nilitaka kummalizia. Likapinda, nikalishikilia kwa nguvu, gundi ikafurika. Kidole ni changu." Akavua miwani. "Tangu niitume naogopa utaniuliza nani aliyemharibia mtoto ndege yake."

Nihal aliteleza kutoka kitini hadi chini, akabaki amekaa pale, ameshika pindo la kanzu ya kaka yake. Hapo ndipo Thani alipolia, na mimi nikatoka kwenda kuangalia kahawa ambayo hakuna aliyeniomba.

Niliporudi walikuwa wameinamia rubani. "Uso huu ndio kazi yake," Thani alikuwa anasema. "Alitumia siku tatu. Hicho kidoti cha gundi kiondoe chote, hakina kazi." Nihal akakisugua hadi kikaisha, akamchanganyia kaka yake rangi, akamwongoza mkono hadi kijivu kikafunikwa. Bawa lenyewe hawakuligusa. Limepinda hadi leo.

Hitima ilisomwa Ijumaa, nyumba ikajaa. Jumatatu Thani aliondoka na ndege ndani ya boksi la viatu, imezungushiwa pamba za kliniki yetu, na Nihal akaanza wasiwasi upya, kama wakaguzi wa uwanjani wataitoa, kama itakandamizwa. Ujumbe ulikuja kesho yake mchana: imefika, ila gurudumu moja limeng'oka.

"Mwambie asiliguse," nilisema.

Alikuwa ameshaanza kumpigia.