Mtoto Aliyekataa Kulala Nasari

Wiki iliyopita nilinunua gunia la vitunguu sokoni Nakuru, nikavimwaga nyuma ya nyumba, na harufu iliyobaki ndani ya lile gunia tupu ikanirudisha utotoni, Mai Mahiu, mji wetu wa barabara kuu, kabla sijajua ninapelekwa wapi. Vumbi, maganda makavu na jua. Nipe gunia kama lile nilinuse nikiwa nimefumba macho, nami nitakuonyesha mahali hasa nilipolazwa mchana: karibu na mlango, kando ya mtoto mmoja aliyeitwa Kamau, aliyekuwa akikoroma kama mtu mzima.

Nasari yetu ilikuwa ya kina mama wachuuzi. Wao ndio waliokodi stoo ya mabati nyuma ya vibanda vyao, wakaipaka rangi ya samawati iliyoishia nusu ya ukuta, wakamwajiri Ticha Loise na kupeana zamu za kupika. Magunia matupu ya vitunguu waliyafua, wakayashona mawilimawili, na baada ya githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, sote tukalazwa juu yake kwa mstari.

Sote isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka minne na kichwa kigumu ajabu. Niliketi wima kama askari wa benki, na usingizi ulipoanza kunishinda niliangua kilio cha kuwaamsha wenzangu wote. Kamau peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuamka. Mwanzoni kina mama walinionea huruma. Halafu wakaanza kunung'unika, na siwalaumu, maana mama wa zamu alibaki na kundi zima la watoto wenye kisirani hadi jioni.

Mama alikuwa akiwauzia madereva wa malori chai na chapati. Kabla ya nasari nilishinda naye kibandani, kati ya karai la mafuta ya moto na barabara kuu, na siku moja dereva alinidaka nikiwa tayari nimekanyaga lami. Kwa hiyo wenzake walipomwambia kwa upole, "Mama Shiru, kama hatatulia itabidi ukae naye kwanza," Mama alirudi nyumbani akakanda unga kwa nguvu hata nikaogopa kumwomba maji.

Ticha Loise hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na alitucheka waziwazi tulipovaa viatu kinyume. Lakini mchana uliofuata aliketi chini kando yangu, akanyoosha miguu, akaniuliza mbona silali. Mpaka siku hiyo watu walikuwa wakiniamuru tu.

"Nikilala, mtu anaenda," nikamwambia.

"Mtu gani?"

"Baba."

Baba aliendesha lori kutoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda. Akiwa nyumbani nililala nimeshika kidole chake gumba, na nikiamka nilikuta nimeshika blanketi. Najua wazazi wengi hufanya hivyo, humtoroka mtoto akiwa usingizini ili asilie. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: kulala ndiko kunakomwondoa mtu. Nikilala pale nasari, nani angehakikisha kwamba Mama bado yuko kibandani?

Ticha alimwagiza Mama amwite Baba. Alikuja juma lililofuata, jaketi likinuka dizeli, lori ameliegesha kando ya barabara, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Baba Shiru, huyu mtoto halali kwa sababu yako," Ticha alimwambia bila salamu ndefu. "Kuanzia leo, ukienda safari unamuaga akiwa macho."

"Lakini Ticha, atalia."

"Si alie! Anakulilia wewe, sio mwingine."

Baba akachuchumaa. Akaniambia anaenda Malaba, kule mpakani, atarudi Jumapili, na Mama yuko palepale kibandani. Nililia, tena si kidogo. Nilimng'ang'ania shingoni mpaka Ticha akanibandua. Lori likanguruma, nikalisikiliza likienda hadi likapotea masikioni. Halafu nikalala. Ticha alidai siku hiyo nilikoroma kumshinda Kamau.

Jumapili Baba alirudi kweli, na hakunitoroka tena. Nasari nikaizoea, Mama akauza chapati zake kwa amani. Hata hivyo, kwa miaka mingi nilibaki na kinyongo kidogo. Niliamini kwamba hapo awali Baba alikuwa na moyo mgumu, mtu wa kuondoka bila kugeuka nyuma.

Nilipojifungua na likizo yangu ya uzazi ikaisha, Mama alikuja kunisaidia. Asubuhi ya kwanza ya kazi alinikuta nikinyata kuelekea mlangoni, viatu mkononi, mtoto akiwa bado usingizini. Alicheka hadi akaketi.

"Babako alikuwa hivyohivyo," akasema. "Nikamuuliza, kwa nini usimuage tu mtoto? Akaniambia, 'Akiniomba nibaki, nitabaki. Na nikibaki, tutakula nini?'"

Nilisimama pale na viatu vyangu. Mwanamume yule wa mabega mapana, aliyeteremsha lori zito kwenye miteremko ya bonde bila wasiwasi, alikuwa akinikimbia mimi, akiogopa ombi ambalo sikuwahi kulitoa, hata siku ile ya machozi mlangoni. Mimi nilitaka tu kuambiwa kwamba anaenda.

Nikarudi chumbani, nikamwamsha mwanangu.