Salfa ya Kupunguza Jua

Sipriani wa Milola ni mpulizaji wa salfa, na hapa kwetu hiyo si kazi ya kudharauliwa. Mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga nao huamka, na kabla jua halijachomoza yeye yuko chini ya miti, mashine mgongoni, uso wa njano kama mwali aliyesingwa manjano. Kwenye mambo ya salfa hakuna anayembishia, na mwenyewe anapenda sana kutobishiwa.

Ndiyo maana mambo yalikwenda yalivyokwenda siku ile kampuni moja ya watu binafsi ilipokuja kijijini na maputo yake. Wageni walieleza kuwa watapeleka salfa juu kabisa, kupita mawingu, ikinge jua kidogo ili dunia ipoe. Watu walitazamana. Mwenyekiti Pazi akamgeukia Sipriani.

"Fundi, mwenye salfa ni wewe. Tukubali?"

Angeweza kusema hajui. Neno lenyewe fupi, tena halina gharama. Lakini mkutano mzima ulikuwa unamtazama yeye, na kichwa kikamvimba.

"Ni salfa tu hiyo," alisema. "Mimi naila kila msimu, mbona niko hai?"

Watu walicheka, mikono ikapanda. Maputo yakarushwa kutoka uwanja wa mpira, yakapotelea juu.

Msimu ule mvua ilinyesha wakati wa maua, na maua yakageuka meusi mitini. Kama ni maputo au ni mwaka tu ulivyoamua, hakuna ajuaye. Hata wasomi redioni walikuwa wakirushiana maneno. Sipriani alijificha nyuma ya ubishi huo mpaka Saida, jirani wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, alipomjia nyumbani.

"Kaka Sipriani, ukitaka kupuliza shambani kwako, jioni yake unapita kwangu. Unaniambia, dada, funika maji, anua nguo, kesho napuliza. Si ndivyo?"

"Ndivyo, dada."

"Sasa hili la jua, ambalo ni letu sote, mbona hukupita?"

Sipriani alikosa pa kuuweka uso. Huku kwetu anayepuliza bila kupita kwa jirani ni mchokozi tu, hata awe fundi namna gani, na wengi walijifunza adabu hiyo kwake. Tangu siku hiyo akawa anapita vichochoroni ili asisalimiwe.

Kisha akaja ofisa kutoka wilayani. Kampuni haikuwa na kibali, na alitaka kujua ni nani aliyewahakikishia wanakijiji kwamba dawa ile haina madhara.

"Hakuna mtu," alisema Pazi. "Tuliamua wote."

"Wote!" mkutano ukaitikia, pamoja na waliopoteza korosho zao zote.

Walikuwa wanamficha. Wema ule ulimchoma Sipriani kuliko matusi. Alisimama, na mkewe Justa akamvuta shati.

"Kaa, baba Stella. Yamekwisha hayo."

Hakukaa.

"Ni mimi," alisema. "Salfa ya mikorosho naijua. Ile ya juu siijui, na sikuijua hata siku ile."

"Sasa kwa nini uliwaambia ni salama?" ofisa akauliza.

Sipriani alitazama miguu yake.

"Nilifurahi kuulizwa, bwana."