Damu ya Othieno Haikuachwa Kwenye Mawe

Taaka hakuwa mtu wa kuambiwa jambo asubuhi akalikubali kabla ya jua kutua. Ng'ombe wa mahari yake walipotoka Mwello, kwa kina mumewe, kwenda kwao Lumino, wazee walikaa wakanywa pombe, na yeye, bibi harusi, akaenda zizini mwenyewe akawafunua midomo kutazama meno. Mmoja alikuwa kizee. Akamrudisha. Othieno, mumewe, alikuwa akiisimulia habari hiyo hata baada ya miaka kumi na kucheka, lakini ukimtazama usoni unaona bado inamchoma, maana ng'ombe yule alitoka kwa mama yake.

Mwaka ule kiwanda cha saruji kilipokuwa kinajengwa Tororo, mawe ya barabara yalikuwa yanachimbwa kilimani, njia ya kwenda Busia, na Othieno akapata kazi ya nyundo pale. Taaka akamfuata. Alisema hakufuata mapenzi, alifuata kuona. Akapewa jiko: ugali na maharagwe kwa watu thelathini. Maharagwe yakiletwa aliyamwaga kwenye ungo mbele ya Ebong, nyapara wa kazi, akayachagua moja moja mpaka Ebong akaondoka bila kuaga.

Mtu akiumia kwenye mawe, alikuja jikoni kwa Taaka. Alimwosha kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa, na kile kilicholowa damu akakiweka mkononi mwa mwenyewe. "Shika. Ni chako." Kila mtu alikwenda kufukia kitambaa chake mahali anapopajua yeye peke yake. Hilo halikuhitaji maneno. Wasamia, Wapadhola, Wateso, wote walilikuta kwa mama zao: damu yako ukiiacha ovyo, adui akiiokota, amekuokota wewe.

Basi siku moja akaja Swaliki.

Alikuwa kijana wa mjini Busia, mtoto wa Zubaida anayeuza vitambaa, na alikuja kwa baiskeli, amevaa koti jeupe lisilo na doa. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu. Bwana Mkubwa, Mzungu wa kazi, alikuwa amempeleka Tororo miezi miwili kufundishwa kufunga vidonda, na sasa amri ikatoka kwamba kila aliyeumia aende kwa Swaliki, si jikoni. Taaka angeweza kulimeza hilo. Lakini pamoja na sanduku kulikuwa na mkebe wa biskuti, una kifuniko, na pamba yote ya damu Swaliki aliitia humo, akafunika, akabonyeza kifuniko kwa kiganja. Jioni akaubeba nyuma ya kilima, peke yake. Akarudi mkebe ukiwa mtupu.

"Anapeleka wapi?" Taaka aliuliza siku moja akipakua maharagwe.

"Kwa wazimamoto," alisema Ikwap, aliyekuwa amekatwa kidole juzi yake. Watu wakati huo waliamini kuna watu wa magari mekundu wanaonyonya watu damu na kuwauzia Wazungu. "Kidole changu mimi kimeshauzwa. Sasa hivi kuna Mzungu Ulaya anakinywa na sukari."

Watu wakacheka. Taaka hakucheka.

"Wewe unacheka, na damu ni yako," alisema. "Mtu anayefanya jambo safi halifanyi nyuma ya kilima. Kwa nini msalaba wake ni mwekundu? Rangi zimekwisha?"

"Lakini Mama Achola," alisema Ebong, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "yule kijana ni Mwislamu. Msalaba atautaka wa nini?"

"Ndiyo hayo ninayosema! Hata msalaba wake si wake."

Tangu hapo, walioumia kidogo walificha. Mtu alichanika kiganja, akakifunga kwa jani, akaendelea na nyundo huku anauma meno. Swaliki alikaa kwenye sanduku lake tangu asubuhi mpaka jioni kama muuza samaki ambaye samaki wake wananuka.

Siku ya Jumatano, saa sita mchana, bamba la jiwe liliteleza. Othieno na mwenzake walikuwa wamelichomeka mtaimbo kwa chini, mtaimbo ukaponyoka, na ncha ya jiwe ikapita kwenye shavu la mguu wa Othieno kama kisu kwenye papai. Alikaa chini pole pole. Akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Taaka alifika na mwiko bado mkononi. Swaliki alifika na sanduku. Walifika pamoja, na Taaka akasimama katikati.

"Usimguse."

"Mama Achola, ana jeraha kubwa—"

"Nina macho. Nimesema usimguse. Na huo mkebe uuweke mbali."

Wanaume walikuwa wamesimama kuwazunguka, nyundo mikononi, na hakuna aliyesema upande wake uko wapi. Swaliki akawatazama. Halafu akafanya jambo ambalo Taaka hakulitegemea: akapiga magoti mbali kidogo, kama hatua nne, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Basi simgusi. Mguse wewe. Chukua hiki kitambaa, kiweke juu ya kidonda, ubonyeze kwa nguvu zako zote."

Akamrushia kitambaa kilichokunjwa. Taaka akakidaka, akakinusa, akakitupa. Akavua lesu yake ya kichwani, safi ya asubuhi ile, akaikunja mara nne, akaibonyeza kwenye mguu wa mumewe.

"Vizuri," alisema Swaliki. "Othieno, lala chali. Ebong, lete gunia lile, uweke mguu wake juu. Juu zaidi. Mama, usiachie, usifunue."

Hapo ndipo palipoharibika. Lesu ilikuwa nyekundu kote, na Taaka akaona damu haichuruziki tena kwenye mawe. Damu yote ile imekwenda wapi? Katika mawazo yake aliona mkono wa uchawi unainyonya kwa chini. Akafunua atazame. Damu ikaruka ikampata kidevuni.

"Usifunue!" alipiga kelele Swaliki.

Akabonyeza tena. Ikatulia. Akahesabu pumzi kadhaa, moyo ukamwambia: tazama kidogo tu, pembeni. Akafunua. Ikatoka upya, nyingi kuliko mwanzo.

Othieno, ambaye mpaka hapo alikuwa akisema-sema, alinyamaza. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu.

"Taaka," alisema. "Mbona kuna baridi?"

Jua lilikuwa utosini. Mawe yalikuwa ya moto hata huwezi kuyakanyaga bila viatu. Taaka akamtazama yule mwanamume ambaye yeye alimfuata ili aone, akajua anamwona anaondoka, tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa nini nisitazame?" Hakumgeukia Swaliki, lakini swali lilimwelekea yeye. "Niambie. Usinipige kelele, niambie."

Swaliki akafikiri. "Uji ukipoa, juu unafanya nini?"

"Unashika utando."

"Damu nayo inashika utando. Ndio unaoziba. Kila ukifunua, utando unatoka na lesu, uji unaanza upya. Na uji wa mumeo si sufuria ya watu thelathini, mama. Una mwisho."

Hilo lilimwingia. Hakuna mwalimu aliyekuwa amemweleza kitu kwa lugha ya jiko.

"Na mkebe?"

"Mama, sasa hivi?"

"Sasa hivi. Unataka nikuache usogee karibu na damu ya mume wangu. Mkebe."

Swaliki akauvuta, akaufungua, akaumwaga juu ya jiwe. Vipande vya pamba vilivyokauka, na majivu yaliyoshikamana chini. "Hii ni ya kidole cha Ikwap, nilikifunga upya leo asubuhi, bado sijaichoma. Nachoma nyuma ya kilima kwa sababu nilifundishwa nichome mbali na chakula. Na nakwenda peke yangu kwa sababu..." Akainama. "Mnanitazama kama mchawi. Naona haya."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza?"

Taaka hakumwamini. Tulielewe hilo. Majivu si ushahidi, mtu anaweza kuchoma kidogo na kuuza kingi. Lakini mkononi mwake aliona kwamba lesu imelowa hadi ukingo, na vidole vyake vimeanza kufa ganzi.

"Njoo," alisema. "Lesu yangu haitoki."

"Isitoke. Hata mimi nisingeitoa."

Swaliki akaweka kitambaa kingine juu ya lesu, akaanza kuzungusha bendeji, na Taaka akachomoa vidole kimoja kimoja kadiri bendeji ilivyoshika mahali pake. Swaliki akabonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu wa Othieno, akaiachia, akaona rangi inarudi. "Haijakaza mno," alisema. Taaka naye akaibonyeza, ajionee. Wakamfunika Othieno kwa blanketi la Ebong. Alipoomba maji Taaka alitaka kumpa kikombe kizima, Swaliki akasema amloweshe midomo tu, huenda wakamlaza usingizi wa dawa huko hospitali. Taaka akamtazama vibaya, lakini akamlowesha midomo tu.

Ebong alikuwa barabarani tayari. Akasimamisha lori la pamba linalokwenda Tororo kwa kusimama katikati ya njia na kukataa kutoka.

Safari ile ilimpa Taaka kazi ngumu kuliko zote alizopata kufanya, nayo ilikuwa kazi ya kutofanya kitu. Mguu ulikuwa mapajani pake, juu ya marobota. Kila lori liliporuka shimo, mkono wake ulitaka kwenda kwenye ile bendeji ifunuliwe hata ncha. Akaukalia mkono. Kweli, akaukalia, mpaka Tororo.

Hospitalini walimshona. Mhudumu alipotaka kuitupa lesu kwenye ndoo, aliona uso wa Taaka, akaiweka mezani. Taaka akaifunga katika jani la mgomba. Iliyobaki kwenye mawe, Ikwap alikuwa ameshaifunika kwa mchanga, bila kuambiwa, na Ebong akahakikisha hakuna kilichosalia. Lesu yenyewe ilifukiwa Mwello, na mahali pake usiniulize.

Othieno alikaa hospitali siku kumi na mbili. Siku ya tatu Taaka alirudi kilimani, akaenda moja kwa moja kwa Swaliki. Kijana akasimama, tayari kupokea shukrani. Hata tabasamu lilikuwa limeanza.

"Fungua sanduku," alisema Taaka.

"Kuna aliyeumia?"

"Sijasema kuna aliyeumia. Sikuamini. Mtu usiyemwamini unajifunza kazi yake yote, asipate pa kukudanganyia. Hii chupa ni ya nini?"

"Aidini. Ya kuzuia kidonda kisioze. Inapakwa pembeni, inauma."

Akajipaka kwenye mkwaruzo wa kidole. Iliuma. Akaridhika kidogo, maana dawa isiyouma naye hawakuwa wamewahi kuelewana. Akauliza mkasi, akauliza pini, akauliza kila bendeji urefu wake. Akasema pamba ya damu itachomwa shimoni kando ya kambi, mwenye damu akiwa amesimama pale pale mpaka iwe majivu. Swaliki akasema ni sawa, alitamani hivyo tangu mwanzo. Taaka akasema asiharakishe kukubali, inatia wasiwasi.

"Na kwetu Mwello, panga likimpata mtu shambani? Hakuna sanduku, hakuna wewe."

"Uwe na kitambaa safi. Kichemshe, kianike, ukikunje ndani ya kingine, kikae kwenye kikapu cha jembe. Na ujue mapema lori linapita wapi, na nani ana baiskeli."

"Hivyo tu?"

"Na mkono usiofunua."

Taaka akakunja uso. Kisha akaweka ungo wake chini.

"Lala."

"Mimi?"

"Kuna Swaliki mwingine hapa? Lala chali. Nitajifunza kwa mguu gani, wa hewa?"

Swaliki akalala kwenye mawe na koti lake jeupe. Taaka akainua mguu wake juu ya gunia, akaweka kitambaa, akabonyeza kwa uzito wote wa mwanamke anayesonga ugali wa watu thelathini.

"Mama Achola, taratibu! Mimi sina kidonda!"

Ebong akaja mbio, na wanaume nyuma yake, nyundo mikononi, wakidhani Taaka ameamua kummaliza. Walipoona, wakaanza kucheka, Ebong akacheka mpaka akashika magoti.

"Leo dakitari ndiye mgonjwa!"

"Cheka umalize," alisema Taaka bila kuinua macho. "Wewe ndiye unayefuata. Mguu wako mnene, nataka kuona bendeji inafika."