Mchoma Nyama Anayeonja kwa Ulimi wa Kuazima

Saa mbili asubuhi. Mama Steki anaparuza tangawizi, anaponda vitunguu saumu, kisha anamimina mchuzi wa soya kwenye beseni. Anatia asali, ndimu, pilipili na mafuta kidogo ya ufuta. Anakoroga, anachota kijiko, na badala ya kuonja mwenyewe anakipitisha dirishani, alikokaa mumewe na cherehani yake.

"Haya fundi wangu, niambie."

Mumewe anaonja, anafumba macho, anapiga chafya mbili. "Mke wangu, leo hata ukinipa mafuta ya taa nitasema asante. Mafua yamenikaba."

Mama Steki anapokea kijiko chake na kulitazama beseni. Mama huyu, ambaye steki zake za mkaa zimeufanya mtaa mzima usahau jina alilopewa na wazazi wake, hanusi wala hapati ladha ya kitu. Homa kali ya miaka mitatu iliyopita ilimwacha hai, lakini iliondoka na pua na ulimi wake.

"Nikitafuna pilipili nasikia moto tu," anasema. "Nililia mwezi mzima. Halafu nikaona machozi hayachomi nyama."

Tangu hapo anapima kwa macho na mumewe anaonja. Fundi huyo hana maneno mengi. Husema "ndimu" au "asali", kisha hurudi kwenye suruali zake.

Leo, hata hivyo, si siku ya kubahatisha. Saa saba mchana anakuja msimamizi wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Akiridhika, ataagiza steki sitini kila Ijumaa. Kwa sasa, siku ikiwa njema sana, Mama Steki anauza ishirini.

Mapishi haya aliyapata kwenye mgahawa wa vyakula vya Asia, alikoosha vyombo kwa miaka sita. Mpishi mkuu hakumfundisha hata siku moja, naye hakumwomba. Alikuwa akisugua masufuria huku jicho likiwa kwenye beseni la mwenzake.

Ujuzi wa kuchungulia una hasara zake. "Nilimwona akitia nanasi ili nyama ilainike. Sikumwona akiitoa baada ya nusu saa," anasimulia. "Basi mimi nikailaza humo usiku kucha. Asubuhi nakuta uji! Mama mkwe akaniuliza kama nyumba hii ina mtoto anayeota meno."

Ilikuwa miaka saba iliyopita, alipoanza biashara. Tangu siku hiyo mama mkwe, anayeishi nao, aliapa kwamba yeye ni mtu wa nyama ya chumvi, na hiyo "nyama iliyooga" wale wenyewe.

"Muite mama," mumewe anashauri, akipenga kamasi.

"Mama yako? Si bora nimuite jirani?"

Lakini mwenye shida hana kiburi. Bibi anafika akiburuta ndara, anatazama beseni, anamtazama mkwewe. "Leo ndiyo mmenikumbuka?"

"Mama, nisaidie. Ukisema mbaya, namwaga naanza upya."

Bibi anaonja. Anaonja tena. "Asali imezidi. Na tangawizi yako changa hii haina nguvu, ongeza. Ile ya Jumamosi iliyopita ndiyo yenyewe."

Mumewe anainua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Mama," Mama Steki anauliza taratibu, "ya Jumamosi uliionjea wapi?"

"Kwani mnadhani ile sufuria ya mchuzi wa kupaka nyama jikoni inajiosha yenyewe?" Bibi anajibu bila haya. "Nina kipande changu cha mkate. Miaka saba hii!"

Mama Steki anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha anaongeza tangawizi na kukamua ndimu, Bibi akionja na kuamuru, hadi anapotamka, "Basi, usiguse tena." Nyama inalowekwa kwa muda wa saa nne kamili. Nanasi halipo.

Saa saba msimamizi anaketi. Anakula, huku Mama Steki akiyatazama mataya yake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mfupa unabaki mweupe. "Tuanze Ijumaa hii," anasema, kisha anauliza kama kuna kingine.

Mama Steki anageukia jiko haraka, akipangusa macho. Baadaye atasema ni moshi, lakini mkaa ulikuwa umeshawaka vizuri.

Sasa anapanga kununua jiko la pili, maana hili halibebi steki sitini. Daktari amemwambia ladha inaweza kurudi, inaweza isirudi.

"Natamani siku moja tu nionje mapishi ya mkono wangu mwenyewe," anasema. "Nijue watu wanakula nini."

"Utaonja, mwanangu," Bibi anamjibu kutoka nyuma, kipande cha mkate mkononi, akiisogelea sufuria. "Mpaka siku hiyo, kijiko usimpe mtu mwingine."