Nyumba Iliyosikika Imejaa

Kule Kapata, mtaa wetu wa wachimbaji wa Katanga, nilianza kupiga muziki peke yangu kwa sababu okestra yangu ilikuwa kaka zangu wawili, na wote wawili walishakwenda stesheni na mafurushi yao kungoja treni ya Kasaï. Vijana wa Katanga walipita barabarani wakiimba kwamba sisi wenye asili ya Kasaï turudi kwetu. Baba alikataa. Alizaliwa hapa, akafanya kazi mgodini hapahapa mpaka mgodi wenyewe ukafa, sasa arudi wapi? "Kwetu ni wapi? Banionyeshe kwanza!" alisema. Nikabaki naye. Ningemwachaje?

Basi nikatengeneza okestra ya mtu mmoja. Nilikata kipande kifupi cha utepe wa kaseti, nikaunganisha ncha zake, nikakirudisha ndani kikawa kinazunguka tu. Kile kichuma cha redio ya kaseti kinachofuta sauti ya zamani nikakifunika kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Ukipiga gitaa, linabaki. Ukiongeza likembe na vyuma vyake vidogo, linapanda juu ya gitaa. Ukipuliza chupa, nayo inaingia. Hakuna kuimba, hakuna kucheza; sauti zinazunguka polepole nawe unakaa humo ndani. Nilipenda mno, sifichi.

"Huu wimbo wako unaanza lini?" baba aliniuliza.

"Ulishaanza, tata."

"Ah! Na utaisha lini?"

Mchana mmoja mama jirani, mtu wa Katanga ya kaskazini ambaye tuliombana naye chumvi miaka yote, alichungulia uani kwetu. "Tata, leo batu ni bengi kwenu! Batoto balirudia?" Baba akacheka mpaka akakohoa, hata kumjibu hakuweza. Jirani alipoondoka, baba akaniambia nifungue madirisha yote na kuongeza sauti. Vijana wale wakisikia nyumba imejaa wanaume, hawataingia kututoa. Nami nikaona, lo, mzee ana akili! Tangu hapo kila alasiri tulisikika kama kundi zima, na kweli vijana walipita bila kusimama. Baba akaanza tena kukaa mlangoni na kusalimia watu.

Lakini mama jirani, kwa furaha yake tu, alikuwa amewaambia wenzake bombani kwamba kaka zangu wamerudi. Siku zile hakuna habari iliyowaudhi vijana kuliko hiyo.

Walikuja mchana kweupe. "Bengine beko wapi?" aliuliza mkubwa wao, kijana aliyevaa shati la kwenda kanisani, limepigwa pasi vizuri. Walitafuta chini ya vitanda, darini, mpaka chooni. Nikasema tuko wawili tu, hizo sauti ni za mashine. "Bongo! Unatudanganya!" Mmoja akamkamata baba ukosi wa shati, akainua rungu.

Nikakaa, nikapiga. Gitaa. Likembe. Chupa. Kisha nikabonyeza redio ili wasikilize. Kwenye gitaa nilikuwa nimekosea, na lile kosa likawa linazunguka pamoja na mengine, linarudi, linarudi tena. Utashangaa: lilinitia aibu mbele yao, na rungu liko palepale juu ya kichwa cha baba.

Mwenye rungu akalishusha, akamwachia baba. Yule mkubwa akachuchumaa karibu na redio, akafumba macho, kichwa kikitikisika taratibu. Nikajiambia, tumepona. Nilimpenda kabisa wakati ule, Mungu wangu.

"Ni muzuri," akasema. "Muzuri sana, kweli." Akasimama, akapangusa suruali yake, akamgeukia baba kwa adabu. "Tata, mutatoka leo, mbele ya jua kushuka. Mashini inabakia."

Baba hakubishana tena. Alikwenda chumbani kutafuta viatu vyake. Mimi nilibaki sakafuni nikimwonyesha kijana yule wapi pa kubonyeza na jinsi ya kuiweka ile karatasi, kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilitaka apige vizuri.