Kucha Nyeusi Msibani

Kwenye msiba wa baba mdogo, Temeke, nilivua viatu mlangoni kama kila mtu, nikaketi mkekani kati ya wanawake. Hapo ndipo nikakumbuka kucha zangu. Mbio ndefu za Jumapili zilikuwa zimevilisha damu chini ya kucha za vidole gumba vya miguu, zikawa nyeusi tii. Nikazivutia khanga, nikiwa nimechelewa.

“Umekuja kumzika baba yako na piko miguuni?” shangazi aliuliza. Alinong’ona, ila chumba kizima kilisikia. Piko ni urembo wa harusini.

Ningenyamaza yangeisha. Lakini mie sipendi kusingiziwa.

“Si piko, shangazi. Ni damu. Nakimbia toka Mabibo mpaka Msasani na kurudi.”

“Nani anakukimbiza?”

“Hakuna. Najifurahisha tu.”

Wakatazamana. Mjane akaitazama miguu yangu. Mumewe alikatwa mguu kwa kisukari kabla hakijamuua.

“Naye alianza na kidole cheusi hivihivi,” alisema, akinifunika miguu kwa upande wa khanga yake. “Ila yeye hakujitakia.”

Heri ningesema ni piko.