Taa ya Mchana

Juzi, dukani hapa Likasi, nilimkuta mstaafu wa bwawa la umeme la Mwadingusha akipapasa paneli ya jua kama anayenunua mbuzi.

"Itarudisha feza yake siku gani?"

"Myaka ine, papa," muuzaji akajibu, "kama unazima taa mbele ya kulala."

"Kuzima?" Mzee akacheka. "Mu nyumba ya kampuni miye sikuzimaka taa hata muchana!"

Kwetu pia, nilipokuwa mtoto, taa ya barazani iliwaka kutwa. Umeme wa bure ulikuja na kazi ya baba. Jirani akiona giza, aliuliza kama baba amefukuzwa.

Mzee alilipa, akajaribu taa ya duka: akawasha, akazima, akawasha. Akatoka na paneli kwapani, akaiacha taa ile ikiwaka mchana kweupe.

Muuzaji alinyoosha mkono aizime.

"Acha kidogo," nikamwambia.